Balozi Mwenye Kifungo cha Kijani

Usiku wa jana, nikiwa nimejikunja kwenye kiti kando ya kitanda cha hospitali, niliota nimo ndani ya mwili wa binti yangu Nakijwa, na kuna foleni.

Foleni haikunishangaza. Kilichonishangaza ni kukuta mule ndani kuna balozi wa nyumba kumi, mwanamke mnene aliyepakata daftari la wageni. Kila ugonjwa uliowahi kumpata mwanangu kauandika: surua, tetekuwanga, mafua ya Pasaka.

"Karibu, Mama Nakijwa. Saini hapa."

Nasaini. Mkono wangu unaandika "mafua". Hakuna anayejali.

Hodi inapigwa. Ni zile seli za Nakijwa mwenyewe, zilizochukuliwa mwezi uliopita zikafundishwe maabara kuitambua saratani ya damu yake. Zimerudi na masanduku ya bati, kama wanafunzi wa bweni shule zikifungwa.

"Mnamtafuta nani?" balozi anauliza.

"Mwenye kifungo cha kijani."

Nageuka. Sasa tuko jikoni kwangu, Same. Saratani imekaa mezani, inakunywa chai kwa kikombe changu. Imevaa sweta la shule la Nakijwa, lenye kifungo cha kijani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," naitikia, kisha najichukia. Nimeikaribisha chai miezi mingapi?

"Itoeni hiyo!"

"Tutaitoa," seli zinasema. "Ila agizo letu ni kifungo. Yeyote mwenye kifungo anatoka."

Balozi anajitazama kifuani. Anacho.

"Huyu hana kosa!" nafoka. "Huyu ndiye anayezuia surua isirudi!"

"Mama, sisi tumefundishwa kifungo tu."

Sielewi nishike lipi. Nikizizuia, saratani inajimiminia chai nyingine. Nikiziruhusu, nani atakaa na daftari?

"Usinitolee macho," balozi ananiambia. "Mimi na huyo mnywa chai tumezaliwa chumba kimoja, ndiyo maana vifungo vyetu vinafanana. Waache wafanye kazi yao." Anakata kifungo chake kwa meno, ananitia mkononi. "Ila mtoto atabaki bila mlinzi. Anayekohoa asimsogelee."

"Haya, ingieni," naziambia seli, huku nalia.

Niliamka kumekucha. Muuguzi alikuwa mlangoni.

"Mama Nakijwa, seli zimefika. Tunamwekea leo." Akakohoa.

"Vaa barakoa kwanza," nikamwambia.

Nikafungua kiganja. Kifungo cha kijani, uzi bado unaning'inia. Nakijwa akakitazama kutoka kitandani.

"Mama," akauliza, "balozi wangu kashatoka?"