Mlima Uliovuliwa Nguo

Leota Brandvold alimwambia mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa Gaylen, mdogo wake wa kuzaliwa.

Ulikuwa mwezi wa tano, mwaka wa pili tangu moto uule mlima wa Tollefson, pale wilayani Okanogan walikowinda tangu baba yao yu hai. Leota, mpishi wa shule mwenye miaka sitini na mmoja, alipanda kuchuma uyoga, ule unaopenda kuota palipoungua. Alitarajia kukuta ukiwa mtupu. Kweli misonobari ilisimama myeusi kama njiti za kiberiti zilizokwisha kuwashwa, lakini chini yake majani yalikuwa mabichi ajabu, na humo walijaa kulungu, wale wenye masikio makubwa kama ya punda. Hakuwahi kuwaona wengi namna ile.

"Usimwambie mtu," alimwonya Gaylen.

"Kwani mimi kasuku, dada?"

Gaylen hakumwambia mtu kwa mdomo. Alichofanya ni kupanda mwenyewe mwezi wa tisa, akapiga picha moja, akawatumia wawindaji wenzake kwenye simu.

Jumamosi ya kwanza ya msimu wa kuwinda, alfajiri, Leota alikuta pikapu zimejipanga kando ya barabara mpaka darajani. Watu wanakunywa kahawa, wanacheka, kama wako mnadani.

"Gaylen. Hawa wote ni nani?"

Gaylen alikuna shingo. "Mahali sikutaja, dada. Haki ya Mungu sikutaja."

"Jiwe la Tollefson, linalojulikana na kila mwindaji, lilikuwa kwenye picha?"

Gaylen akajifanya anafunga kamba ya buti.

"Mjinga wewe," Leota alisema, akaanza kupanda bila kumngoja.

Zamani, msitu ukiwa hai, ungemwona kulungu hatua arobaini mbele yako, kufumba na kufumbua hayupo. Sasa mlima ulikuwa uchi. Mtu aliyesimama barabarani na darubini aliweza kuona sikio likitikisika ng'ambo ya bonde. Leota alijibanza nyuma ya gogo, na kulipopambazuka tu, milio ikaanza. Haikuwa risasi moja kisha kimya, kama alivyozoea. Ilikuwa mfululizo, kutoka chini, kutoka kushoto, kutoka mbali mno kwa mtu mwenye adabu ya kuwinda.

Kulungu walitimka hadi kwenye kipande cha msitu ambacho moto haukukigusa, kule kijitoni. Leota akashusha pumzi. Wamepona.

Haikupita robo saa, wakarudi.

Hakuyaamini macho yake. Walirudi kwa njia ileile, majike mbele, wakainamisha vichwa na kula kana kwamba hakuna kilichotokea. Risasi zikalia tena. Wakakimbia tena. Wakarudi tena. Ndipo alipoelewa: hapa ndipo walipozaliwa, hapa mama zao waliwafundisha njia. Kama moto haukuwahamisha, risasi zitawahamishia wapi?

"Bakini huko," alinong'ona. "Jamani, bakini huko!"

Dume moja likatokea hatua sitini kutoka kwake, pembe zimetanda. Liliinama kwenye kichaka likajaribu kuuma jani, likashindwa, likajaribu tena. Leota aliinua darubini. Taya la chini halikuwapo. Risasi ya mtu wa mbali ilikuwa imeling'oa, na dume bado lilikuwa linatafuta kifungua kinywa.

Miaka arobaini na mitano ya kuwinda, na mikono yake haikuwahi kutetemeka vile. Akaegemeza bunduki kwenye gogo, akapiga. Dume likaanguka papo hapo. Kibali chake cha mwaka, cha kulungu mmoja tu, kikawa kimekwisha.

Alitoka wazi, na fulana yake ya rangi ya chungwa, ile wavaayo wawindaji wasije wakapigana risasi, ikaonekana bonde zima. Milio ikakoma. Alipiga magoti, akachomoa kisu, na huku mlima umenyamaza akatambua: maadamu yeye yupo katikati, hakuna atakayethubutu kufyatua.

Akaanza kuchuna. Polepole.

Saa nzima ikapita. Gaylen akaja anahema. "Dada, huko chini watu wamechachamaa! Fanya upesi, wanasubiri."

"Kisu changu kibutu."

"Chukua changu."

"Nimeshakizoea hiki."

"Leota, watanila nyama!"

"Si wako kwenye simu yako? Waandikie ukweli. Waambie dada yako mzee, mgongo unamuuma." Kisha akamgeuzia kichwa cha dume. "Tazama kwanza."

Gaylen alitazama. Uso ulimpauka. Alikaa chini kwenye majivu, akavua kofia. Hatimaye akashika mguu wa nyuma na kuukaza ili dada yake akate.

"Polepole," Leota alisema.

"Nimekusikia."

Pikapu ziliondoka mojamoja. Kufikia adhuhuri majike matatu yalikuwa yanakula hatua chache tu kutoka walipokuwa.

Barabarani askari wa wanyamapori alikagua kibali. "Asubuhi nzima kwa dume moja, mama?"

"Mikono ilikuwa inatetemeka," alijibu, na hakudanganya.

Usiku hakupata usingizi. Kila akifumba macho aliona lile dume likitafuta jani. Jumapili asubuhi milio ikasikika tena toka mlimani. Alikuwa angali amekaa kitandani, buti mkononi, hajui la kufanya, mlango ulipogongwa. Gaylen alisimama barazani, amevaa fulana yake ya rangi ya chungwa.

"Bunduki yako iko wapi?" Leota aliuliza.

"Nimeiacha nyumbani. Vaa buti, dada. Tukatembee mlimani."