Kila Kitu Kiling'aa Isipokuwa Njia

Mashine ya kuoshea kwa presha iliazimwa kwa kazi moja tu: kung'oa utando wa kijani kwenye njia ya saruji, kutoka getini hadi mlangoni. Hapo ndipo mama alipoteleza akavunjika nyonga. Jioni ya siku hiyo alikuwa anarudi kutoka hospitali, na daktari hakuwaficha: akianguka tena, hatasimama.

Binti yake, mshonaji, aliiacha cherehani asubuhi ile akavaa ndala za kazi. Mashine ilishikwa na mdogo wake, kitindamimba wa nyumba, ambaye walimwita Injinia kwa sababu alikuwa bingwa wa kufungua redio za watu. Kuzirudisha kama zilivyokuwa, hiyo ni habari nyingine.

"Anza na njia," dada mtu alimwambia. "Njia kwanza, mengine baadaye."

"Dada, tulia. Acha kwanza niijaribu."

Akaijaribu kwenye geti. Vumbi la miaka likaruka, rangi ya bluu ikachomoza, naye akacheka kama mtu aliyekabidhiwa nchi. Kutoka getini akahamia ukutani. Kutoka ukutani akaenda kwenye viti vya plastiki, pipa la taka, hata ndoo ya kuku. Alipofika dirishani, maji yalibandua rangi ya fremu vipande vipande, na bado hakuacha.

"Njia!" dada alipiga kelele juu ya mngurumo. "We mtoto, njia!"

"Watu watakuja kumpa mama pole. Wataangalia nini, chini?"

"Mama ndiye atakanyaga chini!"

Sikio la kufa halisikii dawa. Injinia alipanda kwenye stuli akaanza kuosha ukuta wa mbele kuanzia juu, na uchafu wote ukashuka ukajaa kwenye njia. Mshonaji alishika kiuno akatazama tope jeusi likitandaa juu ya ule ukijani. Hasira zilimpanda. Alitamani amwelekezee yeye ile mashine.

Kisha mashine ikakohoa, ikatema mate mara mbili tatu, ikanyamaza.

"Maji yameisha," Injinia alisema, kana kwamba tangi lilikuwa limemsaliti. Bomba lisingetoa tena hadi kesho. Alitazama saa, akafuta uso. "Basi mimi nirudishe mashine ya watu, nibadili shati, nikamchukue mama."

"Na njia?"

"Si utamwagia maji kidogo tu, dada?"

Maji kidogo yalikuwa madumu mawili ya kupikia, jikoni. Mshonaji aliyabeba nje. Akachukua brashi ngumu na sabuni ya unga, akapiga magoti pale getini, akaanza kusugua. Alisugua huku akimtukana mdogo wake kwa sauti, kwa kuwa hakuwapo wa kumsikia. Utando ulikuwa mgumu. Kila alipofika mbele alirudi nyuma, akapitisha kisigino kuona kama kinateleza, na kikiteleza alianza upya. Ngozi ya vidole, vile vidole vya kushika sindano, ilichubuka. Kipande cha mwisho karibu na mlango alikikausha kwa kanga yake mwenyewe, na teksi ikapiga honi.

Mama alishuka akiegemea mkongojo upande mmoja, na upande wa pili mkono wa Injinia, aliyevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Aliinua macho, akaduwaa.

"Nyumba inang'aa hivi! Geti, ukuta, hata viti! Nani kafanya yote haya?"

"Mimi, mama. Tangu asubuhi."

"Mungu akuzidishie, mwanangu. Sikuzaa bure."

Mshonaji alisimama kando ya njia, goti linavuja damu, kanga imeloa tope. Mama alimfikia, akamwangalia kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Na wewe, siku ya kurudi kwangu ndiyo unanipokea hivi? Hata kuoga? Mwenzako kahangaika peke yake, wewe umeshindwa hata kumsaidia?"

Injinia alitazama pembeni. Maneno yalimjaa mshonaji kinywani, machungu, yote ya kweli. Lakini mkongojo wa mama ulikuwa unatafuta pa kukanyaga, naye hakuweza kuyaondoa macho yake kwenye ile miguu miwili iliyokonda.

"Karibu nyumbani, mama," alisema. "Kanyaga tu. Hapatelezi."