Samaki wa Umeme

Mama mkwe alikuwa amepiga magoti mbele ya tangi la samaki, sikio kwenye kioo, koti la baridi bado mwilini. Theluji ya viatu vyake ilikuwa ikiyeyuka kwenye zulia. Japhet, mume wangu, alisimama nyuma yake na begi letu la safari, hajui aliweke wapi. Maji yalikuwa ya baridi, na spika ndogo ya tangi, iliyokuwa ikitatarika mchana kutwa, ilikuwa kimya.

Hiyo ilikuwa Januari ya 2009, huku ughaibuni, kwenye maghorofa ya Dixon Road jirani na uwanja wa ndege, ambako ndege hupita karibu mpaka vikombe vinagongana kabatini.

Mama Genoveva alikuwa ametoka Mwanza kuja kulea. Ndivyo ilivyo kwetu: mke wa mwanao akikaribia kujifungua, unafunga mizigo. Lakini visa ilichukua muda wake, na mimba yangu haikungoja. Akashuka uwanjani na kanga mpya za kumbebea mjukuu, akatukuta wawili tu, na nyumbani akakuta samaki. Japhet alininunulia samaki huyo kwenye duka moja mtaa wa Agincourt ili nyumba isiwe kimya sana. Wanaume wana namna yao ya kubembeleza.

Samaki alikuwa na kidevu kirefu kilichochomoza kama mkonga. Mama alipomwona alicheka, mara ya kwanza tangu afike, akasema huyu ni domodomo, kwao angekuwa kwenye sufuria zamani.

Nikamweleza mbiombio, maana nilikuwa nachelewa kazini, kwamba huyu ni samaki wa umeme. Nikamwonyesha nyaya mbili zilizotumbukizwa majini na spika ambayo zimeunganishwa nayo: kila samaki anapotoa umeme wake, mdogo usioweza kumshtua hata mbu, spika inalia tk, tk, tk, kama bisi zinazoanza kupasuka. Mama akaitikia kwa kichwa, nami nikaondoka nikijua ameelewa. Kumbe alikuwa ameelewa sawasawa na lugha inavyosema: pasi ya umeme, jiko la umeme, samaki wa umeme.

Basi tulipokwenda Pickering kwenye ubatizo wa mtoto wa Urbanus, binamu yake Japhet, na kulala huko huko, Mama ndiye aliyetoka nyumbani mwisho. Alifanya anachofanya kila mtu mwenye akili zake kabla ya kufunga mlango. Akachomoa pasi, akachomoa birika, akachomoa televisheni. Friji akaisamehe kwa sababu ya nyama. Halafu akamchomoa samaki.

"Nilidhani anawashwa," alisema, bado yuko magotini. "Nilidhani ukimchomoa analala."

Japhet alianza kucheka, kisha akaliweka begi chini. Domodomo alikuwa amelala ubavu ndani ya kile kipande cha bomba alichozoea kujifichia. Nikarudisha plagi, taa ya hita ikawaka, pampu ikakohoa. Maji ya samaki hayapashwi kwa pupa, na kumimina chai ya moto humo ndani, kama alivyopendekeza Japhet, hakusaidii. Ilibidi tungoje.

Mama akainuka, akaingia chumbani. Nilipomfuata nilimkuta anazikunja zile kanga za mjukuu, anazipanga kwenye sanduku lake.

"Nirudisheni kwetu, Asumpta. Nilikuja kulea, sasa naua."

Sikuwa nimelia mbele yake hata siku moja. Mkwe ni mkwe. Nilimpa chai, nilimpa shikamoo, mengine nikayafungia kwangu. Na huko Pickering nilikuwa nimempakata mtoto wa watu kanisani, nimetabasamu kwenye kila picha. Sasa nikaichukua kanga moja mkononi mwake, nikajifunika, nikakaa kitandani.

"Basi nilee mimi, Mama. Huku sina mwingine."

Akanitazama. Akaketi, akakivuta kichwa changu mapajani pake kama anavuta ungo wa mchele, nami nikamlilia mtoto wangu kwa sauti. Mama naye akalia. Hakuna aliyemnyamazisha mwenzake.

Japhet ndiye aliyetuita. Tulimkuta ameinamia spika, kidole mdomoni. Tk. Tukangoja mpaka nikaanza kukata tamaa. Tk. Kisha bisi zikaanza kupasuka, moja moja, halafu nyingi, na Mama akamwambia samaki pole kama anavyoambiwa mgonjwa.

Sanduku lilirudi juu ya kabati. Alikaa nasi miaka. Kila tulipotoka alichomoa kila kitu, akifika kwenye tangi anagonga kioo kwa kucha: "Wewe baki." Mwishowe magoti yakashindwa na baridi, akarudi Mwanza. Kanga aliniachia.

Siku moja, mwaka 2014, alipiga simu. Mtaa mzima umeme umekatika, alisema, amekaa na mshumaa hana la kufanya. Akauliza habari za Japhet, za kazi, za theluji. Nilijua anazunguka tu.

"Na huko, umeme upo?"

Nikaipeleka simu kwenye spika, nikaishikilia hapo mpaka mkono ukachoka. Nilipoirudisha sikioni alikuwa ameshajijibu mwenyewe.

"Upo, mwanangu. Upo."