Namba ya Mama

"Futa kwanza, mama. Halafu weka tena."

Mwaisha alifuta dole gumba kwenye khanga, akaliweka juu ya kile kioo kidogo chenye taa nyekundu. Mashine ikatoa mlio wake ule ule wa kukataa. Jesca, msichana wa kaunta ya duka la simu, hakuinua macho.

"Cha pili."

Cha pili kikakataa. Cha tatu kikakataa. Jesca akatoa mafuta ya kujipaka mkobani mwake, akampaka kwenye ncha zote za vidole, akamwambia abonyeze kwa nguvu, kisha asibonyeze sana, kisha akilaze kidole. Foleni ikaanza kuguna.

"Unafanya kazi gani, mama?"

"Naponda kokoto. Mlali, kule mtoni."

"Ndiyo maana." Jesca aligeuza kiganja cha Mwaisha kwenye mwanga kama anayekagua nyanya sokoni. Ncha za vidole zilikuwa laini, zinang'aa, hazina hata mstari mmoja. Mawe yalikuwa yameramba yote. "Vidole vimefutika. Mfumo haukutambui."

"Kitambulisho si hicho hapo? Na sura si hii?"

"Mfumo hauangalii sura, mama. Nenda ofisi ya vitambulisho wakurekebishie taarifa, ndipo urudi."

"Nimetoka huko. Wamefunga mpaka Jumatatu."

"Basi Jumatatu."

"Mwanangu anapiga leo."

Jesca alishamtazama mteja aliyefuata.

Laini ya Mwaisha ilikuwa imekufa tangu Alhamisi. Haingii, haitoki. Na Sabra, mwanawe wa pekee, mwaka wa kwanza chuoni Dodoma, alikuwa amepiga Jumanne kwa sauti ya mtu anayejificha. Hosteli alikosa tangu mwanzo, akawa anabebwa na mwenzake: wawili kitanda kimoja, mmoja akigeuka, wa pili naye ageuke. Sasa mwenzake alikuwa amechoka.

"Mama, kuna baba mmoja, mtu mzima, anataka kunipangia chumba. Nimemwambia nitampa jibu Jumamosi usiku. Nitakupigia kwanza, jioni. Nikikukosa nitajua huna la kusema."

"Usimjibu," Mwaisha alisema. "Subiri nitafute."

Alitafuta. Alipita nyumba kwa nyumba akiuliza nani ana ndugu Dodoma, mpaka Alhamisi mchana Mosi, mwenzake wa kokoto, akamwambia dada yake anaishi huko na amekubali binti aje alale sebuleni, godoro lipo. Mwaisha aliitupa nyundo, akapanda kilima chenye mtandao huku anahema, akabonyeza namba ya mwanawe. Simu haikuita. Alipanda tena jioni. Haikuita.

Leo ndiyo Jumamosi.

Nje ya duka, chini ya mwavuli uliopauka, Kondo alikuwa anauza laini na vocha. Ndiye aliyemsajilia Mwaisha ile laini miaka ile, akiwa na shati jipya na maneno mengi.

"Mama wa kokoto! Shikamoo."

"Marahaba. Laini yangu imefungwa, Kondo."

Kondo alijikuna shingo. "Ile… unakumbuka vidole vyako vilikataa tangu siku ile? Niliweka changu. Ipo kwa jina langu. Sasa wamesema tuhakiki, na zile za ziada wakazikata; hata kwa kidole changu hazirudi."

"Hukuniambia."

"Zilikuwa nyingi, mama."

"Zako zilikuwa nyingi. Yangu ilikuwa moja."

Vijana wawili wa bodaboda waliokuwa wamelala juu ya tanki za pikipiki zao walicheka. "Kondo, bi mkubwa kakuchana!"

"Nyamazeni nyie. Mama, nikupe nyingine sasa hivi, dakika tano."

"Kwa kidole cha nani?"

Vijana wakacheka tena.

"Namba nyingine mwanangu hataipokea," Mwaisha alisema. "Nipigie kwa yako, nikuoneshe."

Kondo aliitafuta namba ya Sabra kwenye simu ya Mwaisha, akapiga kwa yake. Iliita mpaka ikakata. Akapiga tena. Ikakata.

Kosa lilikuwa la Mwaisha mwenyewe, na wakati analifanya lilikuwa akili. Mwezi wa kwanza wa chuo mtu alimpigia akijiita daktari: binti amegongwa, itumwe pesa ya vipimo haraka. Mwaisha aliuza mbuzi kwa bei ya kuku, akatuma. Sabra wakati huo alikuwa darasani, mzima. Tangu siku ile waliapizana: namba ngeni haipokelewi, ujumbe hauaminiwi. "Mimi nitakuja kwa namba yangu tu," Mwaisha alimwambia. "Mwingine yeyote akisema ni mimi, mtukane."

"Ana simu janja huyo binti?" Kondo aliuliza. "Tumrekodie sauti yako."

"Kiswaswadu cha vitufe, kama hiki changu."

"Basi meseji. Sema, naandika."

"Mwambie mimi mama yake. Namba yangu imefungwa. Nimempatia mahali pa kulala. Apige namba hii haraka."

Kondo aliandika, akasoma, akatikisa kichwa. "Mama, hii hata mimi ningeitupa. Ndivyo wanavyoandika matapeli, neno kwa neno. Weka kitu mnachokijua wewe na yeye tu."

Kitu kilikuwepo. Kimoja tu, kilichomjaa kinywani tangu Jumanne, kikaziba vingine vyote. Mwaisha aliwatazama wale vijana. Masikio yao yalikuwa yamesimama. Mmoja alikuwa akipeleka abiria Mlali kila siku. Kidole kinafutika, jina la msichana likishashikwa barabarani halifutiki.

"Tuma hivyo hivyo."

Jibu halikuchelewa. Kondo alianza kulisoma kwa sauti, akapunguza sauti katikati.

"Mama yangu hajui kuandika. Muogope Mungu, tapeli mkubwa wewe."

Hakuna aliyecheka. Kwa sekunde moja Mwaisha alihisi fahari ikimpanda kifuani, vile mwanawe alivyoshika somo. Kisha akashika mti wa mwavuli.

"Andika," alisema, na safari hii hakushusha sauti. "Andika: Sabra, yule baba mtu mzima anayetaka kukupangia chumba, usimjibu. Dada yake Mosi atakupokea. Usimjibu, mwanangu. Andika hivyo."

Mmoja wa wale vijana alijifanya anakagua tairi. Kondo aliandika kwa vidole viwili, akatuma, akasubiri.

"Haijafika." Akapiga. Sauti ya mwanamke asiyejulikana ilisema namba hiyo haipatikani kwa sasa. "Amezima, mama. Ukisumbuliwa sana unazima."

"Akiwasha ataiona?"

"Itaingia."

"Ataisoma?"

Kondo alitazama chini. "Mimi za matapeli huwa nafuta bila kufungua."

"Jioni atanipigia."

"Kwa namba ipi?" Kondo aliuliza, kisha akatamani asingeuliza.

Saa saba ilikuwa imefika. Stefano, mlinzi wa duka, alikuwa amegeuza kibao cha kufunga. Ndani, Jesca alikuwa anazima mashine moja baada ya nyingine. Mwaisha alivuka kibaraza. Hakugonga. Aliinua mikono yote miwili, akavilaza vidole vyake kumi juu ya mlango wa kioo, vikiwa bado na mafuta ya Jesca, akabonyeza kwa uzito wote wa mwili wake. Akaviinua. Akasogea pembeni kidogo, akabonyeza tena.

"We mama!" Stefano alipiga kelele. "Unachafua kioo!"

"Nachafua na nini?" Mwaisha alisema, akisogea tena. "Si mmesema sina alama?"

Stefano alitazama kioo, akamtazama yeye, kisha akaingia ndani kutafuta kitambaa.