Tanuri Nililolitengeneza Mwenyewe

Tanuri la kupasha nyumba yetu joto lilizimika asubuhi ya Jumanne, katikati ya Januari, nje kukiwa nyuzi thelathini chini ya sifuri. Nilikuwa nikimkatia mke wangu, Ardis, chapati yake ya viazi, kwa kuwa tangu alipopigwa na kiharusi mkono wake wa kushoto haushiki kitu. Upepo wa joto uliokuwa ukitoka kwenye tundu la sakafuni, karibu na miguu yake, uligeuka baridi, kisha ukakoma.

"Limekufa," alisema Ardis.

"Limepumzika."

"Orvil, miaka hamsini na moja unaniambia vitu vimepumzika. Lile trekta la kijani lilipumzika, mpaka leo halijaamka."

Nilicheka ili asione nilivyoshtuka. Mwezi wa Novemba tanuri hilohilo lilizimika, nami nikalitengeneza kwa mikono yangu kwa muda wa saa tisa. Binti yetu Marlis, aishiye mjini, mwendo wa saa mbili kwa gari, alifika siku hiyo bila taarifa, akamkuta mama yake amefunikwa mablanketi manne na midomo imekuwa ya buluu. Hakupaza sauti. Alinunua king'ora kinacholia moto wa tanuri ukitoa gesi ya sumu, akakipigilia ukutani ukumbini, kisha akaniambia: "Baba, nyumba hii ikipoa tena, hata mara moja, mama anahamia nyumba ya wazee. Nafasi ipo, nimeshauliza." Nilikubali, kwa sababu alikuwa na haki. Lakini marafiki zangu sita waliingia nyumba ile, na wote sita nilikwenda kuwazika.

Fundi wa matanuri katika wilaya yetu alikuwa mmoja tu, Kurt Vollmer, naye ni binamu wa mkwe wangu, mume wa Marlis. Gari lake likionekana uani kwangu saa tatu, Marlis angejua kabla ya saa nne. Nikimwita Kurt, ninakiri kwamba nyumba imepoa. Nikilitengeneza mwenyewe kabla ya chakula cha mchana, hakuna atakayejua, na Ardis atabaki katika kiti chake, dirishani pake, akiwahesabu ndege wake. Hivyo ndivyo nilivyopima jambo lile, na sikulipima kwa muda mrefu. Mimi ni mtu niliyewafundisha wajukuu saba kubadilisha gurudumu kabla hawajajua kuendesha gari.

Yapo mambo mengine ambayo sikuyapima. Jumapili iliyotangulia, baada ya ibada, nilikuwa nimeifukia nyumba. Ndivyo tulivyolelewa huku Dakota, kaskazini mwa Marekani: theluji ikishakuwa ngumu, unaikata kwa koleo kama matofali na kuyapanga kuizunguka nyumba hadi chini ya madirisha, ili upepo usipenye kwenye msingi. Baba yangu alifanya hivyo kila mwaka, na babu yangu kabla yake. Ukuta wangu niliupanga kwa kufuata kamba, nikaupigapiga hadi ukashikamana kama saruji. Jirani alisimamisha gari barabarani ili autazame, nami nikajifanya sikumwona.

Nilishuka chumba cha chini nikiwa na tochi na bisibisi. Nilifungua mlango wa tanuri. Ndani yake kuna taa ndogo nyekundu ambayo hupepesa ili kumweleza fundi kilichoharibika. Ilipepesa mara tatu, ikatulia, ikapepesa tena mara tatu. Karatasi iliyobandikwa mlangoni ilisema kwamba mara tatu ni swichi inayopima pumzi ya tanuri: hewa isipopita vizuri, swichi hiyo huzuia moto usiwake.

"Unaona nini huko?" Ardis aliita kutoka juu.

"Swichi imeharibika!"

"Basi mpigie Kurt!"

"Kurt nilimfundisha shule ya Jumapili. Alishindwa kuwataja mitume kumi na wawili!"

"Sasa tanuri lako lina mitume wangapi?"

Niliichomoa swichi, nikavuta hewa kwa mdomo kupitia mpira wake mwembamba. Ililia *tik*, kama inavyopaswa kulia swichi iliyo nzima. Niliisikia. Nilivuta mara ya pili, ikalia tena. Mtu asiye na haraka angejiuliza: ikiwa swichi ni nzima, basi pumzi ndiyo iliyokosekana, na pumzi ya tanuri inatoka wapi? Mimi nilijiambia kwamba mlio ule ulikuwa dhaifu.

Nilikata kipande cha waya, nikaunganisha ncha mbili za swichi ili tanuri lidhani pumzi ipo. Niliacha mlango wazi ili niuone moto, na kile kitufe kinachozuia tanuri kuwaka mlango ukiwa wazi nikakibana kwa utepe wa gundi. Moto uliwaka. Haukuwa wa buluu kama siku zote. Ulikuwa wa manjano, mrefu, ukilambalamba kwa uvivu. Nao huo nikauona. Nilipanda ngazi nikifuta mikono.

"Haya, mama mwenye nyumba," nilimwambia. "Sema sasa."

Ardis alisogeza miguu yake kwenye tundu la joto. "Nitasema ukinipa kahawa. Kwa kweli, mzee, bado una mikono."

Tulikaa pamoja karibu saa nzima. Sijui kama katika uzee wangu nimewahi kuwa na saa nzuri kuliko ile. Kisha akasema kichwa kinamuuma. Nilimpa dawa ya maumivu. Akatapika kahawa yote mapajani, akaniambia kwa sauti nzito kwamba ndege wa dirishani wamekuwa wawiliwawili. Niliogopa kuwa ni kiharusi kingine, nikainuka kuifuata simu, miguu yangu ikawa kama si yangu. Hapo ndipo king'ora cha Marlis kilipolia ukumbini.

Nilimburuta pamoja na kiti chake hadi nje, nikampandisha garini, nikawasha injini, nikaita zimamoto. Zimamoto wa kwetu ni watu wa kujitolea, kila mmoja na kazi yake. Aliyeshuka wa kwanza, amevaa koti la manjano na kofia ya chuma, alikuwa Kurt Vollmer.

Gari la wagonjwa lilimchukua Ardis. Kurt aliingia ndani na kipimo mkononi, akazima tanuri, akafungua madirisha yote, kisha akatoka na kuuzunguka ukuta wangu wa theluji taratibu. Alipofika upande wa kaskazini alipiga magoti akaanza kuchimba. Haikumchukua dakika tano. Yakatokea mabomba mawili meupe ya plastiki, moja la kuvuta hewa, la pili la kutolea moshi, yote mawili yamezibwa kabisa kwa theluji yangu, moshi hauna pa kutokea ila ndani ya nyumba. Tanuri la zamani lilikuwa na bomba la moshi lililotokea juu ya paa. Hili jipya hupumulia ukutani, karibu na ardhi. Nilikuwapo walipoyaweka, ni mimi niliyewashikia ngazi.

"Nani amepanga hii theluji, mzee?"

"Mimi."

"Imepangwa vizuri," alisema. "Ungenipigia simu tu. Taa inapepesa mara tatu, mimi ningekuuliza kama umefukia nyumba, nawe ungetoka na koleo. Hata kuja nisingekuja."

Kwa hiyo Marlis asingejua lolote.

Niliutaja mwenyewe ule waya, kabla hajaniuliza. Aliutoa, akalijaribu tanuri, likawaka moto wa buluu. Halikuwa na kosa hata moja.

Jioni, hospitalini, Marlis alikuwa amekaa ubavuni pa kitanda, fomu ya nyumba ya wazee ikiwa juu ya magoti yake. Daktari alikuwa ameshasema kwamba sumu ile ilimwongezea Ardis madhara katika ubongo uliokwisha kuumizwa na kiharusi, na kwamba uwezo wake wa kukumbuka huenda usirudi.

"Baba, ulijua moto una kasoro?"

"Niliuona ni wa manjano."

"Na ukauacha?"

"Nikauacha."

Alinipa kalamu. Niliandika jina langu lote, kwa mwandiko niliofundishwa shuleni.

Ardis alifumbua macho akanitazama. "Orvil, lile tanuri limeamka?"

"Limeamka."

"Nyumba ina joto?"

"Ina joto."

"Basi niletee koti langu, twende."

Marlis aligeukia ukuta. Nilimweleza Ardis, kwa ufupi na kwa maneno ya kueleweka, kwamba haturudi nyumbani. Alisikiliza hadi mwisho, akaitikia kwa kichwa, akafumba macho. Baada ya muda akayafumbua.

"Orvil," alisema, "lile tanuri limeamka?"