Madumu Sita ya Salha

Mimi si mtu wa kusubiri. Mafuta ya alizeti yakishakamuliwa hukaa kwenye pipa siku tatu mashapo yatuame, ndipo hujazwa. Lakini Salha alitaka madumu sita asubuhi, gari lake liende Kondoa, nami nilishamwahidi. Jioni tuliyajaza yakiwa ya moto, mpaka mdomoni, nikakaza vifuniko. Ufunguo wa stoo alibaki nao binti yangu, Anyesi.

Miyuji mwezi wa saba ni baridi ya blanketi mbili. Asubuhi nilifungua dumu la kwanza mbele ya Salha: mafuta yameshuka vidole vitatu. La pili hivyo hivyo.

Sikufikiri. Nilimuuliza Anyesi kampimia nani. Akasema hakumpimia mtu. Nikamwambia ufunguo ule hataushika tena. Aliuweka mezani, akaingia ndani kufungasha nguo aende kwa shangazi yake Mvumi.

"Mama Anyesi, mwizi wako ana adabu," Salha alisema. "Kakuachia mengi."

Nikashika ufagio, nikafagia mashudu niliyokwisha kuyafagia. Anyesi akatoka na begi.

"Mama, mwizi gani anapunguza madumu yote mawili sawasawa? Na mbona haya manne hayajafunguliwa, mbavu zimebonyea?"

Mbavu nilikuwa nimeziona, nikazipita. Na diploma yangu ni ya maabara. Nilifundishwa kwamba molekuli za kimiminika zikipata joto hutikisika kwa nguvu na kusukumana, kila moja ikitaka nafasi. Zikipoa hutulia, husogeleana. Mafuta hayakuibwa. Yalikuwa yamejikunja kwa baridi.

Nilichora mstari wa chaki ubavuni mwa dumu la kwanza, mafuta yalipoishia, nikalisimamisha kwenye karai la maji ya moto. Nikabadilisha maji mara nne. Sikuweza kukaa. Salha alimpigia dereva angoje. Baada ya saa nzima mafuta yalikuwa vidole viwili juu ya chaki.

Salha aliyatazama, akasema basi nimjazie pengo, wa Kondoa hawatanunua chaki. Nikajaza.

Kisha nikampa Anyesi ufunguo. Aliutazama tu mkononi mwangu, begi bado begani.

"Nimekukosea, mwanangu," nikasema. "Na Salha yupo, amesikia."

Ndipo akaupokea.