Uchungu wa Majaribio

Kibosho nzima hapakuwa na mwanamke aliyejua mambo ya uzazi kumshinda Mektrida, mke wa Basili, na aliyekuwa akilisema hilo ni Mektrida mwenyewe. Kwa kuwa hakupenda kudanganya asubuhi mapema, aliongeza hapo hapo kwamba yeye alizaa mara moja tu maishani, na siku hiyo alizimia mwanzo mwanzo, akaja kuzinduka mtoto ameshavalishwa kofia na wageni wanakunywa chai.

Mtoto huyo wa kofia ndiye Tito, ambaye sasa alikuwa mwanamume wa ndevu, fundi redio pale Majengo, amepanga chumba na mkewe Beatrice. Beatrice alikuwa binti wa Kilutheri kutoka Machame, mpole, mwenye sauti ndogo. Hiyo sauti ndogo ndiyo iliyomnyima Mektrida usingizi. Mwaka uliotangulia Beatrice alijifungua mahali ambapo katika familia ile hapatajwi tena. Aliita, watu wako chumba cha pili. Akaita tena. Walipokuja kumwangalia, mtoto alikuwa ameshachoka kuwasubiri. Alizikwa hajapewa jina.

Sasa mimba nyingine ilikuwa kubwa, na kila mtu alikuwa na hospitali yake mdomoni. Tito alitaka kliniki mpya ya Pasua, mojawapo ya zile zilizofumuka mjini baada ya serikali kuwaruhusu watu binafsi kufungua hospitali. Ilikuwa na viti vyeupe vya plastiki, na ukutani wamechora mtoto wa Kizungu, mnene, anacheka. Aikaeli, mama yake Beatrice, alituma salamu kwamba hospitali ni ya Walutheri, basi, hakuna cha kujadili. Basili alipoulizwa alisema yeye alizaliwa mgombani na hajaona alichopungukiwa. Mektrida naye alikuwa ameshaapa mbele ya wanawake wenzake wa parokia kwamba mjukuu wake atazaliwa kwa masista, chini ya picha ya Bikira Maria, na si kwingine.

Hayo yalikuwa ya kusemea watu. Moyoni hakuwa akitafuta picha. Alitafuta mahali ambapo mwanamke akiita, mtu anaitika. Na hilo huwezi kuliuliza mlangoni, maana hakuna hospitali itakayokujibu kwamba hapa kwetu ukiita tunakuacha. Ni lazima uende ukaite mwenyewe.

Basi akaamua kwenda kuita.

Alichukua koti la Basili, lile zito la mtumba ambalo Basili hulivaa tangu mvua za masika mpaka baridi ya Julai iishe, akalikunja likawa duara, akalifunga tumboni kwa kanga, na juu yake akavaa gauni pana la kitenge. Alijitazama kiooni akajipa miezi minane. Tatizo lilikuwa uso, ambao ulikuwa unaikaribia sitini, lakini alishusha kilemba mpaka kwenye nyusi akajiambia kuwa mwenye kazi zake hamtazami mjamzito usoni. Basili alipouliza koti liko wapi, aliambiwa limepelekwa kwa dobi, Majengo. Basili akasema aa, akajifunika blanketi, akatoka zake kwenda kilabuni kunywa mbege.

Alianza kwa masista. Alikuwa amepanga kukaa kwenye benchi, kuguna kidogo, halafu kupandisha sauti taratibu na kuona nani atatoka. Hakupata hata nafasi ya kuguna. Sista Victoria, aliyekuwa akimfahamu tangu Tito akiwa darasa la kwanza, alimwona tangu getini, akaliona tumbo, akasimama, akafanya ishara ya msalaba. Kisha akamkumbatia, yeye na koti lake, akamwambia kwamba Elisabeti mama wa Yohane naye alikuwa mzee na majirani walimcheka. Mektrida angeweza kusema ukweli hapo hapo. Lakini benchi zima la wajawazito walikuwa wamemgeukia, wengine wameanza kuchezesha midomo wakimwombea, na ukweli ukaonekana kama utovu wa adabu. Alisema tu kwamba ni mapenzi ya Mungu.

Akarudi nyumbani amekasirika. Jaribio halikuhesabika. Walimjia kabla hajaita, kwa sababu wanamjua, na Beatrice hawamjui.

Tena Sista Victoria hakuwa mmbeya. Hakumwambia mtu yeyote. Alimwombea tu, kwa sauti, kwenye sala za jumuiya. Ilipofika Jumapili wanawake walimnyang'anya Mektrida mkungu wa ndizi kichwani wakauleta wenyewe mpaka mlangoni. Jirani akamkatia ng'ombe majani. Mwingine akaleta mtori kwenye chungu, mzito, wenye nyama ya mbavu, akasimama kuhakikisha umeliwa wote. Mektrida alipanga kukanusha baada ya kumaliza chungu. Siku iliyofuata kikaja chungu kingine.

Aliyemtia wasiwasi ni Basili. Lakini Basili hakuuliza kitu. Sikio lake la kushoto lilikuwa limekufa zamani, na la kulia lilisikia yale liliyoyapenda, kwa hiyo Mektrida alijua habari hazijamfikia. Isitoshe Basili alikuwa na furaha zake mwenyewe siku hizo. Alirudi kilabuni kila jioni akiimba, blanketi limemning'inia begani, na hakulitaja tena lile koti.

Kwenye kliniki ya Pasua hakuna aliyemjua, na hilo lilimpendeza. Binti wa mapokezi, mwenye kucha nyekundu, alimwuliza umri. Mektrida alisema arobaini na mbili, na binti akaandika bila kuinua kichwa. Walimlaza nyuma ya pazia la maua, wakamwambia daktari anakuja. Akaanza. Aliguna. Akalia. Akaita kwa Kiswahili, akaita kwa Kichagga, akaita watakatifu mmoja mmoja mpaka akafika kwa wale wasioitwa sana. Hakuna aliyekuja. Ukumbini kulikuwa na televisheni na deki ya video, na wote, daktari akiwemo, walikuwa wanatazama filamu ya Kihindi. Mwisho pazia likafunguka. Alikuwa binti wa kucha nyekundu, machozi yanamtiririka.

"Mama, samahani," alisema, "punguza kidogo sauti. Kuna mwanamke anajifungua kule, na hatumsikii vizuri."

Mektrida aliinuka kuona ni nani huyo. Alikuwa kwenye filamu. Amelala kwenye dhoruba, nywele zimelowa, na ukumbi mzima unamlilia. Hata Mektrida alisimama akatazama mpaka mtoto akazaliwa, kwa kuwa haikuwa adabu kuondoka katikati. Kisha akajitengeneza tumbo lake akatoka, na hakuna aliyemwuliza anakwenda wapi.

Ikabaki ya Walutheri, kule Machame. Alikwenda huko kwa shingo upande, siku ya soko, watu wakiwa sokoni, ili asionekane, na njiani alisali rozari nzima kama mtu anayeingia nchi ya ugenini. Alichagua mahali pabaya kwa makusudi, nyuma kabisa, kwenye ubaraza karibu na jiko, penye kelele za sufuria. Akaketi. Akanong'ona. Si kuita, kunong'ona, kwa sauti ndogo kama ya Beatrice: "Nesi."

Alikuwa hajafumba mdomo, mikono miwili ikamshika kwapani. Nesi mmoja mrefu, jina lake Eliona, alimlaza kitandani, akamvua viatu, akamwambia apumue, akafunua gauni.

"Mama," Eliona alisema, "huyu ametanguliza mkono."

"Mkono?"

"Mkono. Na una vifungo."

Mektrida alijiinua akachungulia. Kweli, mkono wa koti la Basili ulikuwa umechomoka kwenye kanga, unaning'inia mpaka gotini. Alitafuta uongo wa kumjibu, na kwa mara ya kwanza tangu ajifunze kusema, hakuupata. Eliona akamsogezea kilemba juu ya paji la uso, akaziona mvi.

"Basi shikamoo," alisema.

"Marahaba, mwanangu."

Hapo Mektrida alimweleza yote, kuanzia mtoto asiye na jina. Eliona hakucheka. Alimletea uji, akamsaidia kulirudisha koti tumboni kwa ajili ya safari ya kurudi, kwa kuwa Mektrida aliona aibu kushuka kwenye gari mwembamba wakati alipanda mnene. Na wakati wa kumsindikiza alimwambia amlete mkwewe, hata kama sauti yake ni ya kunong'ona.

Hivyo Mektrida wa Kibosho, aliyeapa mbele ya parokia, aliamua kwamba mjukuu wake azaliwe kwa Walutheri. Tito alipouliza kwa nini, alijibiwa kwamba mama yake ana mambo anayoyajua. Beatrice hakuuliza. Alianza kufungasha nguo za mtoto ambazo tangu mwaka jana alikuwa hajazigusa.

Uchungu wa kweli ulipokuja, Tito alikodi pikapu, ikapanda kwa kurukaruka kwenye mawe mpaka Machame. Aikaeli alikuwa ameshafika, amevaa gauni la kanisani, anawapokea watu kama hospitali ni ya baba yake. Alimkaribisha Mektrida kwa furaha kubwa mno. Alisema hajawahi kumwona mgeni wa Kibosho akija huku kwa hiari. Mektrida alimjibu kwamba amekuja kuangalia tu kama wameshaweka paa. Wakaketi kwenye benchi moja, kila mmoja na rozari yake au kitabu chake cha nyimbo, hawasemezani.

Mlango wa chumba cha kujifungulia ulikuwa wazi kidogo. Mektrida aliacha kusali ili asikie vizuri. Palikuwa kimya muda mrefu. Kisha ile sauti ndogo, ndogo kuliko siku zote, ikasema, "Nesi."

"Tupo, mama," ikajibu sauti ya Eliona, na nyingine ikajibu, "Tupo," na viatu vikakimbia sakafuni.

Mektrida alisikia mpaka hapo. Aliyosikia yalimtosha, akazimia. Alipozinduka alikuwa amelala mapajani kwa Aikaeli, anapepewa na kitabu cha nyimbo, na mtoto alikuwa ameshavalishwa kofia. Alikuwa wa kiume, mzima, na kelele zake zilifika mpaka jikoni. Beatrice mwenyewe alishasema aitwe Basili, kama desturi inavyotaka, jina la babu.

Mektrida alirudi Kibosho kesho yake na koti mkononi. Njia nzima lilimsuta. Amemdanganya mumewe wiki zote hizi, mzee wa watu, kwenye baridi, na kiziwi juu. Alipofika penye ua alichuma jani la isale. Kila Mchagga anajua kwamba ukimletea mtu isale kumwomba msamaha, hana njia ya kukataa, hata kama ulimchomea nyumba.

Alimkuta Basili ameketi nje chini ya migomba, amejifunika blanketi. Akampa habari ya mjukuu na jina lake, naye mzee akatikisa kichwa, akafuta jicho kwa pembe ya blanketi. Kisha Mektrida akapiga goti akamkabidhi isale kwa mikono miwili, akaungama yote: koti, dobi, masista, filamu, vifungo. Akamwambia kwamba watu wamesema ana mimba, naye akawaacha waseme.

Basili alilipokea jani. Alikaa nalo kama askofu na fimbo yake. Alisema kwamba ameumia, lakini amesamehe. Alisema kwamba mwanamume kufichwa jambo kama hilo ndani ya nyumba yake mwenyewe ni kitu kizito, na bahati nzuri kwamba yeye hakusikia chochote, maana angelisikia angewakanushia wote siku hiyo hiyo.

"Hukusikia hata kilabuni?" Mektrida aliuliza.

"Sikio lenyewe unalijua, mama Tito."

Hajamaliza kulishika hilo sikio, Wenseslaus jirani akatokea kwenye mibuni, amebeba kibuyu cha mbege begani na mkungu wa ndizi kichwani, jasho linamtoka. Alimwona Mektrida, mwembamba, akafurahi sana. Aliweka mzigo chini.

"Pole na uzazi, shemeji," alisema. "Tulisikia jana umekimbizwa hospitali, nimekuja kumwona wajina wangu. Wenseslaus mdogo amelala?"

Mektrida alimgeukia mumewe polepole. Basili alikuwa ameangalia mlima, kama anayetaka kujua kama theluji bado ipo. Baadaye akasema kwamba Wenseslaus ni mtu wa kulewa haraka, na kwamba huenda kwenye kelele za kilabuni mtu alitaja jina fulani, naye akadhani ni lake, na akaendelea kumnunulia mbege kwa kudhani hivyo hivyo.

"Kila jioni?" aliuliza Mektrida.

"Mimi sikumwahidi mtu jina," alisema Basili. "Naapa kwa jani hili."

Lango la ua likalia. Alikuwa Filemon wa kilabuni, na nyuma yake Thadeus, wote wamevaa makoti ya Jumapili, wote wana vibuyu, na Filemon anamvuta kondoo kwa kamba.

"Hodi," aliita Filemon. "Wajina wangu yuko wapi?"

"Wako?" alisema Thadeus.

Mektrida alinyoosha mkono.

"Baba Tito," alisema, "nirudishie jani langu."